Tangi la Msimu: Kutengeneza Uwanja Wake na Kulitia Viraka



Katika makala hii nakusudia kueleza kazi moja ambayo wengi wetu tumeiona ikifanywa, lakini wachache wameijua vema. Ni kazi ya kutengeneza uwanja wa kuweka tangi la maji la msimu, na ya kulitia kiraka linapotoboka. Kazi hii haimo katika karatasi zetu za mitihani, ila hesabu zake ni zile zile tunazofundishwa darasani. Tena, ikifanywa ovyo, hasara yake huwaangukia watu wengi, kwa kuwa maji yakikosekana afya nayo huondoka.

Neno ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni hili: tangi la namna hii huharibiwa kwanza na ardhi iliyo chini yake. Jua huliharibu, watoto huliharibu, panya huliharibu. Lakini adui wake wa kwanza ni uwanja mbaya. Anayetia kiraka bila kutazama ardhi atatia kiraka kila wiki.

1. Tangi la msimu ni nini?

Nyumba nyingi za Juba hazina bomba. Maji huletwa na malori kutoka mto Nile, au huchotwa katika visima virefu na kubebwa kwa madumu juu ya baiskeli. Mvua zetu hunyesha kuanzia Aprili hivi mpaka Oktoba au Novemba. Baadaye huja kiangazi, na visima vingi hupungua. Hapo shule, hospitali na kambi huhitaji mahali pa kuweka maji mengi kwa miezi michache, bila kujenga tangi la saruji ambalo gharama yake ni kubwa.

Matangi ya msimu yako ya namna tatu. La kwanza lafanana na mto wa kulalia: ni mfuko mkubwa wa plastiki nene uliofungwa pande zote, unaolala chini na kuvimba ukijaa. La pili lafanana na kitunguu: chini ni pana, juu lina mdomo wenye pete inayoelea, na pete hiyo hupanda maji yanapopanda. La tatu ni ukuta wa duara wa mabati yenye migongo, yaliyoungwa kwa bolti, na ndani yake bitana ya mpira. Shirika la Oxfam limetumia matangi ya namna hii ya tatu katika nchi nyingi, nayo huitwa T11, T45, T70 na T95. Hesabu hizo zaonyesha takriban mita za ujazo za maji yanayoingia.

Huko Ulaya na Marekani watu hutumia vyombo vya umbo hili hili kwa kuogelea. Joto linapokuja mwezi wa Juni, mtu hulitandaza bwawa la plastiki katika ua wake, hulijaza, na mwezi wa Septemba hulikunja na kuliweka ghalani. Lao ni la kuchezea, letu ni la kunywa. Lakini maji hayajui tofauti hiyo. Hulemea ardhi sawasawa huko na huku, na sheria za kutengeneza uwanja ni zile zile.

2. Uzito wa maji

Kabla ya kushika jembe, tushike kalamu. Tuseme tuna tangi la duara lenye upana wa mita 6 na kimo cha mita 1.5. Nusu ya upana ni mita 3. Eneo la chini ni 3 × 3 × 3.14, yaani mita za mraba 28.26. Tukizidisha kwa kimo cha 1.5 twapata mita za ujazo 42 na kidogo. Kila mita ya ujazo ya maji ina lita 1,000 na uzito wa kilo 1,000, yaani tani moja. Basi tangi hili likijaa lina tani 42. Ni kama kuwasimamisha watu 700, kila mmoja wa kilo 60, katika chumba kidogo.

Uzito huo umeenea pote, ndiyo maana ardhi nzuri huuchukua bila shida. Kila sentimita ya mraba chini ya tangi hubeba gramu 150 tu. Jambo hubadilika panapokuwa na jiwe. Jiwe lililochomoza huinua bitana kama nguzo inavyoinua hema. Tukisema kwamba kipande cha sentimita 10 kwa 10 kimelalia jiwe hilo, basi sentimita 100 za mraba, kila moja na gramu zake 150, hulemea ncha moja kwa kilo 15. Jaribu kuegemeza kilo 15 juu ya ncha ya msumari uliowekwa juu ya mpira wa baiskeli, nawe utajua kitakachotokea.

Jambo la pili ni mteremko. Uso wa maji hukaa sawa siku zote, hata uwanja ukiinama. Ikiwa upande mmoja wa tangi letu uko chini kwa sentimita 10 kuliko wa pili, maji ya upande ule yatakuwa na kina zaidi, na ukuta wake utasukumwa kwa nguvu zaidi. Tena tangi zima hutaka kuteleza. Sentimita 10 katika sentimita 600 ni sehemu moja ya 60. Na sehemu moja ya 60 ya tani 42 ni kilo 700. Kilo 700 husukuma kuelekea bondeni usiku na mchana, bila kupumzika. Ardhi ikiwa kavu huweza kulizuia tangi. Ardhi ikilowa hulegea.

Kwa tangi lenye umbo la mto hatari ni kubwa zaidi, maana halina ukuta wowote. Likiwekwa penye mteremko hujikusanya upande wa chini na huweza kubingirika.

3. Kuchagua mahali

Mahali pazuri ni palipoinuka kidogo, penye ardhi ya asili iliyoshikamana, mbali na vyoo na mbali na njia ya maji ya mvua. Hapa Juba mikondo ya mvua twaiita khor. Wakati wa kiangazi khor huwa kavu, na mgeni huona uwanja tambarare wa mchanga, akadhani amepata mahali pazuri. Mvua moja kubwa ya Aprili yatosha kumwonyesha sivyo.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulionekana hapa mjini. Vita vilipoanza Desemba 2013, maelfu ya watu walikimbilia katika vituo vya Umoja wa Mataifa. Kambi ya Tomping ilikuwa katika mahali pa chini, na mvua za mwaka 2014 zilipoanza ilifurika maji na matope. Watu wengi walihamishiwa kambi ya UN House, karibu na Jebel. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, kipindupindu kilitangazwa Juba. Kabla mwaka haujaisha watu zaidi ya 6,000 walikuwa wameugua katika nchi nzima, na zaidi ya 100 wakafa. Mwaka 2024 ugonjwa huo ulitangazwa tena, ukianzia Renk. Nayakumbusha mambo haya ili tuone kwamba kuchagua uwanja si jambo dogo: tangi lililowekwa penye mkondo wa maji machafu ni hatari hata likiwa jipya.

Epuka pia mahali palipojazwa taka au udongo wa kumwaga, maana hapo ardhi itaendelea kushuka. Epuka kichuguu, hata kama kimesawazishwa, kwa kuwa chini yake pana njia nyingi za mchwa zilizo tupu kama sega la nyuki. Epuka udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua. Ukikosa mahali pengine, jenga kwanza jukwaa la udongo mwekundu wa changarawe, ulioshindiliwa tabaka baada ya tabaka. Mwisho, epuka kuwa chini ya mti. Kivuli ni kizuri, lakini mizizi huinua ardhi, matawi huanguka, na ndege huchafua maji.

4. Kusafisha na kusawazisha

Piga kigingi katikati. Funga kamba yenye urefu wa nusu ya upana wa tangi na mita moja zaidi, uzunguke nayo ukichora duara. Ile mita moja ya ziada ni ya kupita mafundi na ya kuulinda ukingo.

Ondoa majani yote pamoja na mizizi. Usiyafyeke tu. Chimba udongo wa juu kadiri ya sentimita 10 mpaka 15, uutupe nje ya duara. Hasa tafuta ndago. Ndago ni jani dogo ambalo kila mkulima wa Afrika Mashariki analijua na kulichukia. Lina viazi vidogo vyeusi chini ya ardhi, na chipukizi lake ni kali kama sindano. Watu wengi hudhani kwamba jani lililofunikwa hufa gizani. Majani mengi hufa, ila ndago hutumia chakula kilicho katika kiazi chake, hupanda, na huweza kutoboa plastiki kutoka chini. Basi vitoe viazi vyake kimoja kimoja, uchekeche udongo ikibidi.

Visiki navyo ving'olewe mpaka mwisho wa mizizi minene. Mwarobaini, ambao umejaa mjini kwetu, ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye shina.

Baada ya hayo sawazisha. Fundi hutumia pimamaji juu ya ubao mrefu ulionyoka. Asiye na chombo hicho atafute mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, wenye urefu wa mita 10 hivi. Jaza maji mpaka karibu na mwisho, uhakikishe hamna mapovu ya hewa. Mtu mmoja ashike ncha moja penye kigingi cha katikati. Wa pili azunguke na ncha nyingine akisimama penye vigingi vya ukingoni. Maji ya ncha mbili husimama kimo kimoja siku zote, hata kama kati yao pana kilima. Tia alama ya kimo hicho katika kila kigingi, kisha pima kutoka alama mpaka chini. Vipimo vikilingana, ardhi ni sawa. Tofauti ikizidi sentimita 2 au 3, kazi haijaisha.

Hapa ndipo penye kanuni kubwa kuliko zote: kata palipoinuka, usijaze palipozama. Ni rahisi kuchukua udongo wa juu na kuumwaga chini, na kwa macho uwanja utaonekana umenyooka. Lakini udongo uliokatwa ni mgumu, na udongo uliomwagwa ni laini. Tani 42 zikija, upande wa kumwagwa utashuka, na tangi litainama. Kukata huchukua siku mbili badala ya moja. Hata hivyo ni siku moja tu ya ziada kwa msimu mzima. Pakiwa na shimo ambalo ni lazima lijazwe, litie udongo wa changarawe kwa tabaka za sentimita 10, nyunyiza maji kidogo, na shindilia kila tabaka kwa gogo zito kabla ya kutia jingine. Alama nzuri ni kisigino: ukikanyaga kwa nguvu na kisigino hakiachi shimo, ardhi imeshikamana.

5. Mchanga, turubai na mfereji

Fagia uwanja kwa ufagio, kisha tembea juu yake bila viatu. Nyayo huona jiwe ambalo macho hayakuliona.

Tandaza mchanga uliochekechwa, unene wa sentimita 5. Mchanga wa khor hufaa ukichekechwa vizuri, kwa kuwa huwa na vipande vya chupa na miiba. Usitumie kokoto zinazovunjwa huko Jebel: zafaa sana kwa zege, lakini kila moja ina makali kama shoka dogo. Kama tangi ni la mabati, ukuta usimame juu ya ardhi ngumu, siyo juu ya mchanga, maana mchanga ulio chini ya ukuta hutoroka. Mchanga ukae ndani ya duara. Na pale ukuta unapokutana na chini, pandisha mchanga kama mteremko mdogo wa kimo cha sentimita 15. Bitana ikilalia mteremko huo haiingii katika pembe na kubanwa chini ya bati.

Juu ya mchanga weka turubai kuukuu au magunia yaliyofunguliwa na kutandazwa bila mikunjo. Kunja moja la gunia chini ya tani 42 ni sawa na kijiti. Mabati nayo yana hatari yake: funika kila kichwa cha bolti kilicho upande wa ndani, na kila ukingo wa bati, kwa kipande cha mpira au kitambaa kinene.

Mwisho chimba mfereji kuzunguka uwanja, kina cha sentimita 20 au 30, na tuta upande wa juu, ili maji ya mvua yapite mbali. Mfereji mwingine uyachukue maji yanayomwagika penye mabomba ya kuchotea. Wengi hufanya mfereji wa kwanza na kusahau wa pili. Kisha maji ya kuchota hurudi chini ya tangi na kulegeza ardhi ile iliyoshindiliwa kwa jasho.

6. Kujaza

Jaza kidogo kwanza, kimo cha kifundo cha mguu, kisha simama. Nyosha mikunjo kwa mikono. Tazama ukingo wote wa maji kwa ndani: kama upande mmoja maji yamefika sentimita 20 na upande wa pili sentimita 12, uwanja haukusawazishwa. Toa maji, uanze tena. Wakati huo kazi ni ndogo. Likijaa, hakuna anayeweza kulisogeza.

Usiache tangi tupu kabisa wakati wa upepo. Maji machache chini huizuia bitana isipeperuke. Na tangi lililo wazi lifunikwe na kuzungushiwa ua, kwa sababu mtoto huweza kuzama hata penye maji machache. Kifuniko chazuia pia jua na majani.

7. Kutafuta tundu

Katika ua mmoja hapa Juba nililiona tangi la bitana lililotiwa viraka mara tatu mahali pale pale, katika muda wa wiki tano. Kila mara mafundi walikausha, wakapaka gundi, wakabandika, wakajaza. Kila mara likatoboka tena. Wakati huo wenyeji wa ua ule walikwenda mtoni na madumu, wakinywa maji ya mto bila dawa. Mara ya nne alikuja mzee mmoja mwashi. Hakugusa gundi. Aliomba bitana iinuliwe, akachimba chini yake kwa mkono, akakitoa kisiki cha mwarobaini chenye machipukizi mawili. Kiraka cha nne hakijatoka.

Basi kabla ya kuziba tundu, mwondoe aliyetoboa.

Kulipata tundu kwahitaji subira. Tia alama ya chaki penye uso wa maji jioni, na tena asubuhi. Tangi lililo wazi hupoteza maji kidogo kwa jua, kwa hiyo usiku ndio wakati mwema wa kupima, na mabomba yote yafungwe. Maji yakishuka mpaka kimo fulani kisha yakasimama, tundu liko ukutani kwa kimo kile kile. Yakiendelea kushuka mpaka chini, tundu liko chini. Zunguka nje ukitafuta ardhi iliyolowa. Lakini kumbuka kwamba maji hutokea pale ardhi inapoinama, si lazima yatokee chini ya tundu.

Mtu aweza kusema, tundu dogo si kitu. Tuhesabu. Tone moja ni kama sehemu moja ya ishirini ya mililita. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, yaani lita 4 na kidogo. Kweli, lita 4 si kitu katika lita 42,000. Lakini lita hizo nne hazipotei. Zaingia katika mchanga ulio chini, kila siku, mahali pamoja. Mchanga hulegea na kuhama, shimo hutokea, bitana huzama ndani yake na kuvutika, na tundu la sindano huwa mpasuko. Tundu dogo huiba maji kidogo na ardhi nyingi.

8. Kutia kiraka

Kwanza ujue kitu unachokitia kiraka. Bitana ya mpira yataka gundi ya mpira na kiraka cha mpira. Plastiki yataka gundi ya plastiki na kiraka cha plastiki ile ile. Solusheni ya baiskeli ni ya mpira. Ukiipaka juu ya plastiki itakauka na kubanduka kama ganda la kidonda. Matangi mengi huja na mfuko wa viraka na gundi yake. Mfuko huo utunzwe na mtu mmoja anayejulikana, mahali penye baridi, kwa kuwa gundi iliyokaa juani huganda.

Kazi yenyewe ni hii:

(a) Punguza maji mpaka chini ya tundu. Ondoa jiwe, mzizi au msumari uliotoboa. Jaza shimo lililo chini kwa mchanga, ulishindilie.

(b) Osha mahali hapo, futa tope na utelezi wa kijani, kisha kausha kabisa. Kama ni mpira, kwaruza kwa msasa mpaka ung'aro utoke. Kama ni plastiki, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti.

(c) Kata kiraka cha duara, au chenye pembe zilizoviringwa. Pembe kali ndiyo inayoanza kuinuka. Kiraka kilizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande.

(d) Paka gundi nyembamba juu ya bitana na juu ya kiraka. Gundi ya mpira huachwa kidogo mpaka ishike kidole bila kukilowesha. Gundi ya plastiki kwa kawaida hubandikwa mara moja. Soma maandishi ya mkebe.

(e) Bandika kuanzia katikati, ukisukuma hewa kuelekea ukingoni kwa kijiko au chupa. Weka ubao na uzito juu yake, uache kwa saa 24.

Wakati wa siku ni jambo la maana hapa kwetu. Februari na Machi joto la Juba hukaribia digrii 40 mchana, na gundi hukauka hewani kabla hujabandika. Fanya kazi hii alfajiri, au weka kivuli cha turubai tangu siku iliyotangulia.

Kiraka chema ni cha upande wa ndani. Sababu yake ni nyepesi: maji hukisukuma kiraka cha ndani kikabanane na bitana, lakini hukisukuma kiraka cha nje kikatoke. Ukiweza, weka vyote viwili. Ukilazimika kuchagua kimoja, chagua cha ndani. Tangi la umbo la mto haliingiliki, ndiyo maana mfuko wake huwa na vizibo vya umbo la pia, au vibao viwili vidogo vinavyobana tundu kwa skrubu. Hivyo ni vya dharura. Vivyo hivyo kuna gundi za plastiki zinazoshika hata ndani ya maji: zitakuvusha usiku mmoja, ila msimu ukiisha rudia kazi kwa ukamilifu.

9. Baada ya kiraka

Gundi ikishakauka, osha tangi, mwaga maji ya kwanza, kisha jaza na utie klorini. Maji yanayofika bombani yawe na klorini iliyobaki kiasi cha miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa kila lita. Maji ya Nile yenye tope yatulizwe kwanza kwa shabu katika chombo kingine, maana tope huimaliza nguvu ya klorini. Kwa kipimo cha dharura cha lita 15 kwa mtu kwa siku, tangi letu la mfano lawatosha watu 2,800 siku moja. Huo ndio ukubwa wa hasara tangi moja linapolala chini.

Mvua zikirudi, toa maji, osha, kausha bitana kivulini pande zote mbili, na hesabu viraka vyake. Kila kiraka kiandikwe katika daftari: tarehe, mahali, na kilichotoboa. Viraka vitatu vikiwa karibu karibu, usilaumu bitana. Mwaka ujao chimba tena uwanja pale. Viringisha bitana, usiikunje penye mikunjo ya zamani, na itundike juu mbali na panya.

Ndugu zetu wa zamani mnaofanya kazi za maji, najua kati yenu wapo waliokwisha kuyafanya haya mara nyingi. Tunaomba mtuandikie tujue namna mnavyofanya huko mliko, hasa penye udongo mweusi, ili daftari la shule lisianze upya kila mwaka.

Maswali ya kujipima

1. Tangi la duara lina upana wa mita 4 na kimo cha mita 1. Likijaa lina lita ngapi, na uzito wa kilo ngapi?
2. Kwa nini twakata palipoinuka badala ya kujaza palipozama?
3. Uso wa maji umeshuka kwa sentimita 40 usiku, kisha haukushuka tena kwa siku mbili. Tundu liko wapi?
4. Eleza kwa nini kiraka cha ndani hushika kuliko cha nje.
5. Tembea katika uwanja wa nyuma ya jiko letu bila viatu. Andika vitu vyote unavyoviona kwa nyayo ambavyo vingeweza kutoboa bitana, nawe uvihesabu.